Sura ya 6: Kamera Zikishaondoka

Upande wa kusini wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi hauna ua. Kuna mto tu, na ng'ambo ya mto kuna maboma ya Wamaasai wa Kitengela. Nyumbu na pundamilia huuvuka wakifuata malisho, na simba huvuka wakiwafuata wao. Akishavuka, simba hukuta ng'ombe, mnyama asiye na mbio za pundamilia, aliyefungiwa pamoja na wenzake mahali pamoja usiku kucha. Hali imekuwa hivyo tangu mbuga ilipotengwa mwaka 1946. Kilichobadilika ni idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi chini ya 60,000 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 150,000. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Leo sehemu kubwa ya ardhi ile ni ploti zenye nguzo za mawe na seng'enge, na njia za wanyama zimebaki vichochoro.

Katika boma mojawapo la pembezoni mwa mbuga hiyo, mvulana aitwaye Richard Turere alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake awalinde. Alianza na moto, akagundua kwamba unamulika ndani ya zizi na kumrahisishia simba kazi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi nyuma, siku ya pili wakaona kwamba kile kitu hakisogei. Usiku mmoja alizunguka zizi akiwa na tochi na simba hawakuja, ndipo akaelewa kwamba wanachokihofia ni mwanga unaotembea. Akatafuta betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, kisanduku cha indiketa cha pikipiki, swichi, na balbu zilizotolewa kwenye tochi zilizoharibika. Ufundi alikuwa amejifunza kwa kuifungua redio mpya ya mama yake yote, skrubu kwa skrubu. Taa zikaelekezwa nje ya zizi, zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu, hata simba akadhani kuna mtu anayezunguka huku na huko. Mvulana huyo alikuwa na umri wa miaka 11.

Mwaka 2013 dunia ilimjua. CNN ilimwandika, kisha akapanda jukwaa la TED kule Long Beach, California, akiwa na miaka 13, akaeleza uvumbuzi wake kwa Kiingereza cha shule mbele ya watu wanaotengeneza simu na kompyuta za ulimwengu. Ukumbi ulisimama kumshangilia. Magazeti ya Nairobi yakamwandika baada ya yale ya ng'ambo kumwandika, na mpangilio huo wa nani alitangulia na nani alifuata ni jambo nitakalolirudia. Mwaka 2023 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilimtunuku kati ya wavumbuzi vijana, na kwa siku chache kamera zilirudi kwake.

Habari ile ilikuwa ya kweli na ilistahili kuandikwa. Ninaifungulia sura hii kwa sababu ya kilichokuwa kikitendeka Kitengela katika miaka 10 iliyo katikati ya tarehe hizo mbili, ambacho karibu hakuna mwandishi wa teknolojia aliyekifuata.

Hata kabla ya hapo, Juni 2012, jina la Turere likiwa bado halijavuma, wakazi wa Ilkeek-Lemedung'i waliua simba 6 kwa asubuhi moja, majike na watoto wao, baada ya mbuzi kuvamiwa usiku. Machi 30, 2016, simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani, akafika hadi Isinya, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa. Picha zake zilienea kwenye simu za Wakenya kabla ya jua kutua. Kwa hiyo simba waliendelea kutoka, na watu waliendelea kuumia. Je, zile taa zilifanya kazi au hazikufanya? Swali hilo ni la teknolojia, na ni rahisi kuliuliza. Jibu lake lilikuja mwaka 2018 katika jarida la kisayansi la PLOS ONE, kutoka kwa watafiti waliopitia kumbukumbu za mashambulizi kuzunguka mbuga ya Nairobi kuanzia 2007 hadi 2016 na kuwahoji wenye maboma. Walichokikuta kina uzito kuliko makofi ya Long Beach. Maboma yenye taa yalivamiwa usiku mara chache sana kuliko yale yasiyo nazo, kwa hiyo taa zinafanya kazi. Lakini kadiri taa zilivyoongezeka, mashambulizi yalianza kuhama kutoka usiku kwenda mchana, ng'ombe wanapokuwa malishoni.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho polepole. Simba walijifunza. Kifaa kilitatua tatizo moja na kulisogeza tatizo lenyewe mahali pengine, kwenye saa nyingine, kwa mtu mwingine: kutoka kwa mwenye boma aliyelala hadi kwa mtoto anayechunga. Hapo ndipo habari ya taa za Kitengela ilipokuwa inaanza, na waandishi tulikuwa tumeshapanda gari la kurudi mjini.

Nimekaa miaka mingi katika kumbi za uzinduzi. Msomaji ambaye hajawahi kuingia humo ajue zinavyokwenda: hoteli ya Westlands au Upper Hill, chai saa tatu na sambusa, begi la kitambaa lenye nembo, ndani yake kijitabu na taarifa iliyoandikwa tayari. Mkurugenzi anazungumza, waziri anafuata, kisha anabonyeza kitufe. Ifikapo saa saba mchana habari iko mtandaoni ikiwa na aya nane, na sita kati ya hizo zimetoka kwenye ile taarifa. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya uandishi wa teknolojia ulivyofanyika hapa Kenya tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 6, 2007 na nchi ikaanza kujiita kwa majina ya fahari. Siwalaumu wenzangu. Mwandishi anayetakiwa kutoa habari nne kwa siku hana nafasi ya kwenda Isinya. Ila aina hiyo ya uandishi imefika mwisho wake, na nasema hivyo bila huzuni yoyote. Programu za akili unde zinaweza kuigeuza taarifa ya kampuni kuwa habari ya aya nane kabla chai haijapoa, kwa Kiingereza safi na kwa Kiswahili kinachoendelea kuboreka. Kazi ambayo mashine inaifanya bila malipo, hakuna mhariri atakayemlipia mtu nauli aifanye.

Kinachobaki ni kazi ya miguu: kurudi. Kwa maoni yangu mustakabali wote wa uandishi wa teknolojia katika nchi kama zetu uko ndani ya kitenzi hicho. Kurudi mahali kifaa kilipozinduliwa, baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano, na kuuliza nani anakitumia, nani amekitupa, nani amelipa gharama ambayo haikuwa kwenye kijitabu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwandishi wa teknolojia amekuwa mgeni wa siku moja kwa muda mrefu mno.

Mwaka uleule wa 2013 ambao Turere alipanda jukwaa, mwezi Januari, Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe la msingi la jiji la teknolojia la Konza, ekari 5,000 kando ya barabara ya Mombasa, mahali ambapo mipaka ya Machakos, Makueni na Kajiado inakaribiana. Ukanda wa tahadhari unaolizunguka jiji hilo unaingia hadi ndani ya Kajiado. Kwa mfugaji wa upande huu, Konza haikuwa habari ya kompyuta. Ilikuwa habari ya mahali anapoweza kujenga na asipoweza, ya bei ya ekari ya jirani yake, ya njia ya kupeleka mifugo kwenye maji. Waliokwenda kuandika siku ya jiwe la msingi walikuwa wengi. Waliokwenda kumuuliza mfugaji huyo hayo mengine walikuwa wachache, na wengi wao walitoka kwenye madawati ya habari za ardhi, si ya teknolojia, kana kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Na kwa kweli katika Kajiado hayatenganishwi. Ukitaka kujua teknolojia inayowakosesha usingizi watu wa Kitengela, usiulize kuhusu simu mpya; uliza kuhusu hati za ploti. Aprili 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kuweka kumbukumbu za ardhi kidijitali, ukianzia Nairobi. Kwa mtu aliyetumia akiba ya miaka 15 kununua sehemu moja ya nane ya ekari huko Kisaju, kuhamishwa kwa kumbukumbu kutoka faili la karatasi kwenda kwenye kompyuta ndiyo habari kubwa kuliko zote za teknolojia atakazowahi kusoma maishani. Nani aliyeingiza jina? Kama karatasi ilikuwa na kosa, kosa limeingia nalo? Mrithi asiye na simu janja anajiandikisha vipi? Haya ni maswali ya ufundi, yana majibu ya ufundi, na yanaweza kuandikwa kwa lugha ambayo mama mboga ataielewa akiwa anasubiri mteja.

Mfano wa Worldcoin una uchungu zaidi. Aprili 2022 jarida la Marekani la MIT Technology Review lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu namna kampuni hiyo ilivyowasajili watu katika nchi maskini, Kenya ikiwemo, kwa kupiga picha mboni za macho yao na kuwaahidi sarafu za kidijitali, huku wengi wakiwa hawaelewi walichokubali. Uchunguzi huo ulikuwepo, ulikuwa wa kina, na kila mwenye intaneti angeweza kuusoma. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, mwisho wa Julai 2023, maelfu ya Wakenya walipanga foleni kwenye jumba la KICC kutazama ndani ya tufe la chuma linalopiga picha hizo, wakitarajia sarafu zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Agosti 2 serikali ilisimamisha usajili. Kufikia hapo Wakenya wapatao 350,000 walikuwa wamekwisha kutoa alama za macho yao. Bunge liliunda kamati, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data zile zifutwe.

Ninapolitafakari jambo hilo sioni upungufu wa taarifa. Naona taarifa iliyokuwa imeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Ilitoka kwao waliohojiwa, ikaenda Massachusetts, ikasomwa na wawekezaji, wahadhiri na sisi waandishi, na haikurudi kwa kijana wa Kitengela aliyeamka saa kumi alfajiri ili awahi foleni. Vivyo hivyo, taarifa zilizoifanya dunia ijue hali ya vijana wa Nairobi waliokuwa wakisafisha machapisho ya Facebook, Februari 2022, na wale walioifundisha mashine ya OpenAI kutambua maneno ya kikatili kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa, Januari 2023, zote zilichapishwa kwanza na jarida la TIME. Ofisi ya kampuni iliyowaajiri ilikuwa Nairobi hapahapa. Namshukuru mwandishi aliyezifichua. Ninachosikitikia ni kwamba habari iliyokuwa umbali wa nauli ya matatu ilibidi ipande ndege kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sura hii isingeweza kulikwepa, kwa sababu jina la mji huu limeambatana nalo. Agosti 19, 2024, baada ya maandamano ya vijana kupinga Mswada wa Fedha, ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa na watu wasiojitambulisha nje ya nyumba yao Kitengela. Siku hiyohiyo mwanaharakati Bob Njagi alishushwa kwenye gari la abiria Mlolongo akachukuliwa pia. Walikaa siku 32 bila familia zao kujua waliko. Chama cha Mawakili kilikwenda kortini, na Septemba 13 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi 6 kwa kukaidi amri ya kufika mahakamani. Septemba 20 watatu hao waliachiliwa wakiwa hai. Kenya iliwajua kama Watatu wa Kitengela.

Magazeti yaliiandika kama habari ya siasa na ya haki za binadamu, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini mwezi uliofuata, Oktoba 2024, gazeti la Daily Nation lilichapisha uchunguzi kuhusu jinsi vyombo vya usalama nchini vinavyotumia data za simu kuwasaka watu. Safaricom ilijibu kwamba hutoa data za wateja kwa kufuata sheria na amri za mahakama. Mimi si jaji wa mvutano huo. Ninachojua ni kwamba kila mzazi wa Kitengela mwenye kijana aliyeandamana alianza kuuliza maswali ambayo mwandishi wa teknolojia alipaswa kuwa ameyajibu miaka mingi nyuma. Simu inajulishaje mnara iko wapi? Ukizima data, mnara bado unakuona? Rekodi za simu huhifadhiwa na nani, na sheria ya kulinda data ya 2019 inamlazimisha afanye nini kabla ya kuzitoa? Tuliandika maelfu ya aya kuhusu kasi ya 4G na 5G. Aya za kueleza kwamba mnara uleule unaoleta video ndio unaojua umelala wapi, tuliandika chache. Hilo ni deni, na naliandika hapa nikijua sehemu yake ni yangu.

Nani atalipia kazi ya kurudi? Swali hili huulizwa kwa sauti ya kukata tamaa, na nina sababu ya kulichukulia kwa uzito. Vyombo vya habari vya Kenya vimeishi kwa matangazo, na watangazaji wakubwa ni hao hao wanaopaswa kuandikwa: kampuni za simu, mabenki, serikali. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapitie shirika lake la utangazaji, KBC, na vyumba vya habari binafsi vikatambua jinsi uzi uliokuwa umevishikilia ulivyo mwembamba. Tovuti za habari za teknolojia nazo hutegemea wafadhili, makongamano na ripoti za kuwauzia wawekezaji. Mwekezaji hulipa ili ajue nani amepata mtaji. Halipi ili ajue taa za boma la nani zimezimika.

Lakini naamini tumekuwa tukimtafuta mlipaji mahali pasipofaa. Watu wa Kajiado hulipia habari kila siku. Hununua bando, huweka salio ili wapige simu redioni, huchangiana kwenye vikundi vya WhatsApp vya mtaa ambako mtu mmoja mwaminifu huandika ni barabara gani imefungwa na simba ameonekana wapi. Ukikaa ndani ya kikundi kimojawapo kwa wiki moja utajifunza kinachothaminiwa: taarifa ya karibu, ya leo, kutoka kwa mtu anayejulikana, ambaye akikosea atakutwa sokoni kesho na kuulizwa. Sijaona chumba cha habari cha Nairobi chenye uwajibikaji wa namna hiyo. Mwandishi mmoja anayeishi Kitengela, anayejua sheria ya data, anayeweza kufungua kifaa na kukieleza, akachangiwa shilingi chache na kaya elfu kadhaa, angefanya zaidi ya dawati zima la hotelini. Si lazima awe na shahada ya uhandisi. Turere alianza na redio ya mama yake.

Lakini mwandishi huyo lazima awe na lugha. Hapa Kajiado habari husafiri kwa Kimaa, Kiswahili, Kikuyu, Kikamba na Sheng kwa siku moja, wakati masharti ya kila programu tunayoipakua yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Taifa Leo inachapishwa, redio za Kimaa zinasikilizwa hadi kwenye vibanda vya mwisho vya barabara ya Namanga, na bado mambo ya teknolojia hufika huko yakiwa yametafunwa: jina la kampuni, kiasi cha fedha, tarehe ya kuanza. Yanayoachwa ni yale magumu, na magumu ndiyo yanayomhusu msikilizaji. Kumweleza mzee wa boma kwamba picha ya mboni ya jicho lake haibadiliki kama namba ya siri, kwamba akiitoa leo ameitoa milele, kunahitaji mwandishi aliyelielewa jambo hilo mpaka akaweza kulisema bila neno hata moja la kitaalamu. Anayejificha nyuma ya istilahi mara nyingi hajaelewa. Nimejifunza hivyo kwa kujaribu kueleza, nikashindwa, nikarudi kusoma upya.

Simba wa Kitengela siku hizi huweza kuja mchana. Saa nane, jua likiwa kali, ng'ombe wako malishoni mbali na zizi, na betri, paneli na balbu ziko nyumbani zikisubiri giza. Mchungaji ana fimbo, na pengine simu. Nataka kujua simu hiyo inapata mtandao katika korongo lipi na kuukosa katika lipi. Nataka kujua akipata mtandao anampigia nani, na anayepokea hufika baada ya muda gani. Nataka kujua pia baba yake aliyejaza fomu ya fidia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 amesubiri siku ngapi, na kama kuna aliyemwambia faili lake liko kwenye kompyuta au kabatini. Maswali hayo yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na gari la Kisaju hutoka steji saa kumi na mbili asubuhi.